Binyavanga Wainaina: kijembe kimoja kilichofunika kazi nzima

Mtaje Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, penye watu wanaopenda vitabu, na papo hapo utaletewa insha moja tu: How to Write About Africa. Ni ile ya masharti ya kejeli, inayomshauri mwandishi wa kigeni asikose neno "giza" au "safari" katika jina la kitabu chake, na asithubutu kusahau machweo ya jua. Ilitoka mwaka 2005 katika jarida la Granta la Uingereza. Ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Hadi leo inafundishwa vyuoni, inasambazwa mitandaoni kila mwandishi wa ng'ambo anapoteleza, na mwigizaji Djimon Hounsou aliwahi kuisoma mbele ya kamera. Wanaoipenda wameigeuza amri kumi. Wasioipenda wanasema ni malalamiko dhidi ya wazungu, na yameshachosha.

Nadhani pande zote mbili zinamwonea, na kwa sababu moja: zimeishia hapo. Huyu bwana aliandika hadithi fupi, ripoti za safari, makala za chakula, makala za muziki na mpira, hotuba, barua za kukataa heshima, na kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Alianzisha jarida lililobadilisha uandishi wa Kenya. Na jicho lile lile alilowakazia wageni katika kurasa chache, alitukazia sisi Wakenya kwa muda wa karibu miaka ishirini. Sehemu hiyo ndiyo tuliyoiruka.

Alizaliwa Nakuru mwaka 1971. Baba yake, Mkikuyu, aliongoza Bodi ya Pareto ya Kenya. Mama yake, mwenyeji wa Kisoro nchini Uganda, karibu na mipaka ya Rwanda na Kongo, alikuwa na saluni mjini Nakuru. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babu mzaa mama, na babu mzaa mama alikuwa Binyavanga. Kwa hiyo mila ya Kikuyu ikampa jina ambalo Wakikuyu wenzake hawakulijua. Nchini Kenya, ambako mtu akishataja jina la pili ameshajulikana ni wa wapi na huenda atampigia nani kura, huo si mzigo mdogo kwa mtoto.

Alisoma shule za Mang'u na Lenana, kisha mwaka 1991 akaenda Chuo Kikuu cha Transkei, Afrika Kusini, kusomea biashara. Hakumaliza. Alijifungia chumbani akisoma riwaya mpaka masomo yakamponyoka. Baadaye akahamia Cape Town, akajishughulisha na mapishi na kuandika kuhusu chakula na safari, akikusanya maelfu ya mapishi ya nchi mbalimbali za Afrika. Watu huitaja kazi hiyo kama kichekesho cha wasifu wake. Mimi naona ndiyo shule iliyomfunza. Mpishi hawezi kupika "chakula cha Kiafrika". Anapika mboga fulani, ya mahali fulani, kwa mafuta fulani, na akikosea jirani atamwambia. Mtu aliyezoea kutenganisha vitu hivyo kwa ulimi hawezi kuvumilia kitabu kinacholiita bara zima nchi moja.

Baruapepe ya hasira

Insha ya 2005 haikuandikwa kama insha. Binyavanga alisimulia mwenyewe mwaka 2010, katika jarida la Bidoun, kwamba ilianza kama baruapepe. Alikuwa amesoma toleo la Granta la mwaka 1994 lililohusu Afrika, likampandisha mori, akamwandikia mhariri waraka mrefu usio na kichwa wala miguu. Mhariri akajibu. Muda ukapita, jarida likapanga toleo jingine la Afrika, naye akaombwa achangie. Akakubali, akaanza, akaacha, siku zikamwishia. Ndipo likaja wazo: kwa nini isichapwe ile baruapepe? Akakataa kwanza. Mwishowe ikapunguzwa, ikanyooshwa, ikaingia dakika za mwisho.

Kisa hiki kinatusaidia kuelewa jinsi maandishi yale yanavyofanya kazi. Hasira ikiwa mbichi husema "acheni kutuandika hivi." Insha inasema kinyume chake: andikeni hivi hivi, na mkiweza zidisheni. Anayezungumza humo si Binyavanga. Ni mwalimu wa kubuni, mpole, mwenye uzoefu, anayemfunza mwanagenzi siri za kazi. Hamkatazi mtu kitu; anamruhusu mpaka mtu mwenyewe aone haya. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa mbinu hiyo. Mwanamke anayepita barazani kwa jirani amejifunga kanga yenye maneno makali hataji jina la mtu, na wala hana haja: mwenye kuhusika anajijua.

Penye makali zaidi ni pale anapofika kwa wanyama. Mwalimu wetu anashauri wanyama waandikwe kama watu waliokamilika. Wapewe majina, wawe na ndoto na matamanio. Simba waonekane wakiwalea watoto wao kwa maadili mema ya kifamilia. Tembo wawe watetezi wa haki za wanawake au wazee wenye heshima zao. Sasa weka kando ya hao wahusika binadamu anaowapanga. Yupo Mtumishi Mwaminifu, mwenye akili za mtoto wa miaka saba. Yupo Mzee wa Hekima, aliye karibu na ardhi. Yupo Mwafrika wa Kisasa, mnene, mwizi, anayekaa ofisi ya viza akiwanyima vibali vya kazi wageni wenye nia njema. Na yupo Mwafrika Mwenye Njaa, mwanamke anayezurura kambini nusu uchi, asiye na jana wala historia, na akifungua mdomo ni kueleza mateso yake tu. Tembo ana wasifu. Mama huyu hana. Insha haiitamki tofauti hiyo mahali popote. Msomaji anaigundua peke yake, katikati ya kicheko.

Kuna mzaha mwingine ambao msomaji wa nje huupita bila kuuona. Mzee wa Hekima, tunaelezwa, sharti atoke kabila adhimu, si yale makabila yanayopapia pesa kama Wakikuyu, Waigbo na Washona. Aliyeandika ni mtoto wa Wainaina wa Nakuru.

Lakini ufunguo wa kazi yake yote uko kwenye orodha fupi ya mambo ambayo mwandishi anaonywa asiyaguse kamwe: maisha ya kawaida ya nyumbani, mapenzi baina ya Waafrika, isipokuwa mtu afe, waandishi na wasomi wa Kiafrika, watoto wanaokwenda shule bila kuugua Ebola. Watu husoma orodha hiyo, hucheka, huendelea. Ichukue sasa uisome kama ratiba ya kazi. Karibu kila kitu kingine alichoandika Binyavanga, kabla na baada ya 2005, kimo humo. Ukishaona hivyo, ile dhana kwamba alikuwa mlalamikaji tu haisimami tena. Alikuwa anataja makatazo ambayo tayari alishayavunja.

Pamba ya Mwingi

Alianza kuyavunja na Discovering Home, maandishi ya mwaka 2001 yanayosimulia kurudi kwake nyumbani kutoka Afrika Kusini mwaka 1995. Yalitoka kwenye jarida la intaneti wakati watu wengi hawakuamini kwamba intaneti ni mahali pa fasihi. Alipoyapeleka kwenye Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, jibu la kwanza lilikuwa kwamba hupokelewa kazi zilizochapwa kwenye karatasi. Akajibu kwa ukali, na mlango ukafunguliwa. Mwaka 2002 akashinda.

Katika safari hiyo anapewa kibarua cha kuzunguka Mwingi na kuwashawishi wakulima warudi kulima pamba. Mwingi ni Ukambani, na Ukambani wa magazetini ni ukame, mito mikavu, na magunia ya mahindi ya msaada. Binyavanga anatuletea maofisa wa kilimo, bia, nyama, na watu wazima wanaocheza muziki kwa ustadi unaomwacha kijana wa mjini mdomo wazi. Pamba inabaki kisingizio. Baadaye anavuka kwenda Kisoro, ambako ukoo wa mama yake umekusanyika kuwasherehekea babu na bibi. Ni 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mpaka uko pale pale. Mwandishi mwingine angeanzia na kuishia kwenye mafuvu. Huku Idi Amin yumo, Rwanda imo, ila vyote vinaingia kwa mlango wa familia, vikikaa pamoja na ndugu wanaojuana upya na vyungu vilivyo jikoni.

Baada ya tuzo hakukimbilia London. Mwaka 2003, akiwa na wenzake Nairobi, alitoa toleo la kwanza la Kwani?, jarida lililochanganya hadithi, katuni, mashairi, Kiingereza cha shule na Sheng ya mtaani bila kuombana radhi. Mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor akashinda Tuzo ya Caine kwa hadithi iliyotoka humo. Baadhi ya wahadhiri wa fasihi waliliona jarida hilo kama uhuni: lugha chafu, vijana wasiojua kanuni. Mimi nawaelewa kidogo. Si kila ukurasa wa Kwani? ulistahili kuchapwa. Ila lilifanya kitu ambacho idara za fasihi zilikuwa hazijafanya kwa muda mrefu: lilimfanya mtoto wa Eastlands ya Nairobi na wa Nakuru aamini kwamba maneno anayoyatumia kwenye matatu yanaweza kukaa kitabuni.

Hadithi zake za kubuni hazina wasomaji wengi, na ni hasara. Katika Ships in High Transit mhusika mkuu ni Matano, dereva wa watalii, anayewasoma abiria wake kuliko wanavyomsoma yeye. Ni yale yale ya 2005, ila safari hii Mtumishi Mwaminifu ndiye mwenye usukani na ndiye mwenye akili.

Kitabu cha kumbukumbu, One Day I Will Write About This Place, kilitoka mwaka 2011. Kinaanza na watoto watatu wakicheza mpira nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Jimmy ana miaka kumi na mmoja, Ciru mitano na nusu, mwandishi saba, na yeye ndiye kipa. Hakuna bunduki, hakuna nzi usoni. Mpira unampita kwa sababu amezubaa, anaangalia mwanga na kutafuta maneno. Humo ndani utakuta saluni ya mama, mitihani, foleni, nyimbo za Brenda Fassie wa Afrika Kusini, Rais Moi redioni, na neno alilojitungia utotoni, "kimay," kwa sauti zote zilizokuwa zinamvuruga: kodiani, muziki wa Kongo, mazungumzo ya Kikuyu asiyoyaelewa. Nusu ya kwanza ni kati ya kurasa bora za utoto zilizowahi kuandikwa na Mkenya. Nusu ya pili inalegea. Ripoti alizokuwa ameshaziandika kwa ajili ya wengine, kama ile ya Togo kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2006, zimeshonewa humo, na mshono unaonekana.

Ugomvi wa kila upande

Ukimhesabia watu aliogombana nao, utashindwa kumweka kambi yoyote. Alimshambulia waziwazi Ryszard Kapuściński, mwandishi wa Poland aliyekuwa akisifiwa dunia nzima kwa ripoti zake za Afrika. Mwaka 2007 Jukwaa la Uchumi Duniani, wale wa Davos, lilimteua awe mmoja wa "viongozi vijana wa dunia." Akawaandikia barua ya kukataa, akikiri kwamba kama waandishi wengine naye hulala akiota umaarufu na pesa, ila itakuwa ulaghai kujifanya anaamini kwamba yeye ataleta mabadiliko makubwa duniani. Na bado, mwaka huo huo, aliandika katika toleo la Vanity Fair kuhusu Afrika lililohaririwa na Bono, mwanamuziki wa Ireland, mtu ambaye insha ya 2005 ingemfaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Hakuwaacha wenzake. Mwaka 2012, katika mkutano wa wasomi wa masomo ya Afrika mjini Leeds, aliwakejeli wale wanaojiita Waafrika wa kimataifa, wenye pasi mbili na mitindo ya miji mikuu, akasema yeye ni mwana wa umoja wa Afrika wa kizamani. Miaka miwili baadaye akailalamikia hata Tuzo ya Caine, ile iliyomtoa: akasema tumeipa heshima kupita kiasi huku magazeti na majarida ya nyumbani yanayowalea waandishi hayana anayeyasaidia. Kuna waliomwita mnafiki. Labda. Mtu anayekula kwenye meza na kuikosoa hapo hapo hawezi kukwepa neno hilo. Lakini naona afadhali huyo kuliko anayekula na kunyamaza.

Ile makala ya Vanity Fair ilikuwa na matumaini kuhusu kizazi kipya cha Wakenya. Desemba 2007 tukapiga kura, na wiki chache zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Januari 2008 aliandika katika New York Times, na baadaye mwaka huo Granta ikachapa insha yake In Gikuyu, for Gikuyu, of Gikuyu, kuhusu Wakikuyu na madai yao juu ya Kenya. Hapa hakuna mwalimu wa kubuni wala simba wenye maadili. Ni mtu anayeandika kuhusu nyumba ya baba yake, na kuhusu yale ambayo huko nyumbani husemwa mlango ukishafungwa. Insha hii haisambazwi mitandaoni. Sijawahi kuona mtu akiituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, na sababu haihitaji utafiti.

Kisha ikaja Januari 2014. Nigeria ilikuwa imetoka kutia saini sheria kali dhidi ya mashoga, na Uganda ilikuwa njiani. Alipofikisha miaka 43, Binyavanga alichapisha mtandaoni kile alichokiita sura iliyopotea ya kitabu chake, akimwambia marehemu mama yake kwamba yeye ni shoga. Kwa ufundi, ni maandishi makubwa kuliko ile insha maarufu. Yana matoleo mawili ya tukio moja, Julai 2000. Katika la kwanza yuko kando ya kitanda cha hospitali, anamnong'oneza mama sikioni. Ila msomaji ameshaambiwa tangu sentensi ya mwanzo kwamba mambo hayakuwa hivyo. Katika la pili, la kweli, yuko Afrika Kusini, hana karatasi za kusafiria kwa uhuru, na mama anafariki bila kuonana naye wala kusikia chochote. Hakuna kejeli hata chembe. Na ni, tena, jambo kutoka kwenye ile orodha ya marufuku: mapenzi, na maisha ya nyumbani.

Mwaka huo jarida la Time lilimweka kati ya watu 100 wenye ushawishi duniani, na mwandishi wa Nigeria Chimamanda Ngozi Adichie ndiye aliyeandika maneno ya kumtambulisha. Huku nyumbani mapokezi yalikuwa mengine. Wapo waliomkumbatia, lakini wengi walimjibu kwamba mambo hayo ni ya kizungu. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya vinavyoyakataza, cha 162 na cha 165, ndivyo tulivyorithi kwa Waingereza. Yeye akatoa mfululizo wa video sita, akizungumza bila karatasi, akilalamika kwamba makanisa yetu, shule zetu na siasa zetu zimeyafunga mawazo ya watoto. Desemba 2016 akatangaza kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi. Alikuwa tayari ameshapigwa na kiharusi. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, na tarehe 24 Mei Mahakama Kuu ikakataa ombi la kuviondoa vifungu hivyo.

Mwaka 2022 rafiki yake Achal Prabhala alihariri mkusanyo wa maandishi yake, kwa hiyo mtu hawezi tena kusingizia kwamba yametawanyika. Msomaji wa mbali aanze na Discovering Home. Mkenya ningemshauri aanze na ile insha ya 2008 kuhusu Wakikuyu, awe Mkikuyu au asiwe, na kama ataimaliza bila kukasirika hata mara moja, airudie.